Maswali ya wapiga kinanda: mguu ubadilishe sauti, mikono ibaki kazini

SWALI, LANGONI, LAMU

Assalaam aleikum mwalimu. Napiga kinanda katika kikundi cha tarabu hapa mjini, na kazi zetu nyingi ni harusi. Sauti za ndani ya kinanda nimeziacha. Sasa natumia ala za kwenye laptopu: kodiani, fidla za kundi, ganuni (ala ya nyuzi), nai (filimbi ya mwanzi) na piano. Kinanda kina vitufe 61 na tundu moja tu la pedali. Laptopu ni ya Windows, RAM yake GB 8. Mwimbaji akimaliza ubeti nataka fidla zimjibu, kisha nai, kisha nirudi kwenye kodiani. Kila mara inanibidi niutoe mkono wa kulia nikabofye kipanya, na sauti mpya haiji mpaka zipite sekunde kadhaa. Wimbo unapwaya. Je, iko njia ya kubadilisha bila mikono kuondoka? Na ninunue pedali gani?

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Umefanya vizuri kunitajia vyombo ulivyo navyo, maana jibu lote limekaa kwenye hilo tundu moja na hizo GB 8.

Una shida mbili, na ya pedali ndiyo ndogo. Ukienda dukani kesho ukanunua pedali ya bei kubwa, mkono utabaki mahali pake, lakini ule ukimya wa sekunde kadhaa utabaki vilevile. Kwa hiyo tuanze na ukimya.

Pedali haicheleweshi kitu. Midi, ambayo ndiyo lugha vinanda na kompyuta wanayozungumza tangu 1983, hupitisha biti 31,250 kwa sekunde kwenye waya wake wa zamani wa pini tano. Ujumbe mmoja wa noti hufika kwa takriban milisekunde moja. Kinachochelewa ni laptopu kusoma sauti kutoka kwenye diski. Ukibofya jina la ala mpya, programu huitupa ile ya kwanza na kuanza kupakia ya pili, na fidla za kundi zilizorekodiwa kwa uangalifu zinaweza kujaza gigabaiti nzima. Hakuna mguu wala mkono utakaoharakisha jambo hilo wimbo ukiwa unaendelea.

Dawa ni kupakia ala zote kabla hujagusa noti ya kwanza, zote zikae tayari kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya laptopu. Mpishi wa pilau ya harusi hatwangi bizari sufuria ikiwa tayari motoni. Ala zikiwa zote macho, unachobadilisha jukwaani ni njia tu: noti za kinanda ziende kwa kodiani, au ziende kwa fidla. Kubadilisha njia hakuchukui muda ambao sikio la mtu linaweza kuuhisi.

Kwa kazi hiyo zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya jukwaa. MainStage ya Apple ni nzuri lakini ni ya Mac peke yake, kwa hiyo iache. Wewe wa Windows tazama Cantabile au Gig Performer. Cantabile ina toleo la bure. Halina mambo yote, lakini linatosha kukufundisha namna ala kadhaa zinavyokaa pamoja na noti zinavyoelekezwa. Jifunze kwa hilo kabla hujatoa pesa.

GB 8 zinatosha ukiwa na nidhamu. Windows yenyewe itajichukulia sehemu yake kubwa. Nai, kodiani na ganuni ni ala za mpigaji mmoja, kwa kawaida si nzito sana. Wanaokula nafasi ni fidla za kundi na piano. Piano ibadilishe: chukua inayokokotoa sauti yake badala ya kucheza rekodi, kama Pianoteq, ambayo haihitaji gigabaiti za sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Fidla, tafuta toleo dogo. Kama ala zako zinafunguliwa ndani ya programu ya Kontakt, kuna amri ya kuondoa kwenye kumbukumbu sampuli ambazo hukuzigusa. Piga wimbo wote nyumbani, kisha toa amri, na zitabaki zile tu ulizozipiga. Mie hutumia amri hiyo kwa nyimbo zenye mpangilio uliokaa. Kwa tarabu siitumii, kwa sababu mwimbaji akipandwa na mori utataka noti ambayo hukuipiga nyumbani, na hutaipata.

Sasa mguu. Wengi hununua pedali yenye swichi nyingi, wakazipa namba: moja kodiani, mbili fidla, nne nai, saba ganuni. Halafu wanakaa jukwaani macho yako chini wakitafuta swichi ya saba kwenye giza, na mwimbaji anawapa ishara wasiyoiona. Mie napinga mpango huo kwa nguvu zote. Mpiga kinanda wa tarabu kazi yake ni kumtazama mwimbaji. Ubeti mmoja anaweza kuurudia kwa sababu bibi mmoja amesimama kumtuza, na ukiwa umeinamia miguu yako umekwisha kumpoteza.

Usipange sauti kwa namba. Zipange kwa wimbo. Ndani ya kila wimbo andika hatua kama zitakavyokuja: kodiani, fidla, nai. Mguu uwe na maneno mawili tu ya kusema. Swichi ya kwanza iseme «mbele». Ya pili iseme «mwanzo», yaani irudi kwenye sauti iliyoanza ubeti. Beti za tarabu huzunguka kwa mpangilio uleule, kwa hiyo ukifika mwisho wa mzunguko unapiga «mwanzo» na kodiani iko mkononi. Mwimbaji akirudia, akikata, akiruka, popote alipokwenda, swichi ya «mwanzo» inakurudisha kwake. Ndiyo maana siipendi sana ile ya «nyuma» ambayo programu nyingi huiweka badala yake: inakulazimu ukumbuke uko hatua ya ngapi, na huo si wakati wa kuhesabu.

Kwa tundu lako moja, anza hivi bila kununua chochote. Pedali uliyonayo ya kushikilia noti hutuma amri ya midi namba 64. Kodiani, fidla na nai haziihitaji, na kwa kweli huziharibu, noti zinavaana. Kwenye nyimbo hizo iambie programu kwamba 64 maana yake ni «mbele», na muhimu sana, iambie pia isiipitishe 64 kwa ala zenyewe. Usipoizuia, mguu utabadilisha sauti na papo hapo kushikilia noti, na utasikia vurugu usijue imetoka wapi. Kwa wimbo wa piano unaiachia kazi yake ya kawaida. Swichi ya «mwanzo» kwa sasa ipe kitufe cha chini kabisa cha kinanda, kile cha kushoto mwisho ambacho tarabu haikigusi. Katika vinanda vingi vya 61 hicho ni noti namba 36. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinakifikia bila kuhama. Nacho kizuie kisitoe mlio.

Ukipata pesa ya pedali ya pili, tafuta ndogo ya swichi mbili inayotuma midi kwa USB na kupata moto wake kutoka laptopu hiyohiyo. Zipo za bei nafuu zaidi, zile za kugeuzia kurasa, za waya au za Bluetooth, ambazo kompyuta huziona kama kibodi ya kuandikia: ukikanyaga ni kana kwamba umebonyeza mshale. Zinafanya kazi, ila zina tatizo ambalo lazima ulijue mapema. Kitufe cha kibodi huenda kwa dirisha lililo mbele kwenye skrini. Ujumbe wowote ukichomoza, au mtu akigusa skrini, mshale wako unaenda huko na ala haibadiliki. Midi haijali dirisha gani liko mbele. Kwa sababu hiyo tu mie ningesubiri nikusanye pesa ya midi.

Utaonyeshwa pia mbao kubwa kama Behringer FCB1010, yenye swichi 10 na pedali 2 za kubembea. Ni chombo cha kazi, na mtu mwenye studio atakipenda. Wewe wa Lamu vyombo vyako vinapita vichochoroni kwa mkokoteni, na harusi ikiwa Shela vinapanda mashua. Tena kinataka stima yake peke yake na kigeuzi cha kutoka pini tano kwenda USB. Stima ikikatika, laptopu yako inaendelea kwa betri na pedali ndogo ya USB inaendelea nayo, spika ndizo zilizonyamaza. Ikirudi, wewe uko palepale kwenye wimbo.

Kabla ya kununua uliza kama swichi ni ya kukanyaga na kuachia, au ni ya kubana na kubanduka. Ya kwanza hutuma 127 ukikanyaga na 0 ukiachia. Ya pili hutuma 127 mara hii na 0 mara ijayo. Nunua ya kwanza, kisha programu uiambie itende ikipokea 127 tu na ipuuze 0. Nusu ya malalamiko ninayoletewa, kwamba «mwalimu, sauti yangu inaruka hatua mbili», yanaishia hapo.

Kisha kuna jambo la noti zilizobaki hewani. Umeshikilia noti ya kodiani, ukakanyaga, ukaachia kidole. Katika mpangilio mbovu, ule ujumbe wa kuachia unakwenda kwa fidla, kodiani haijui kwamba umeachia, na inalia mpaka watu wageuze shingo. Programu za jukwaani huweza kulishughulikia hilo: noti iliyoanza na kodiani inamalizika na kodiani, noti mpya inaanza na fidla. Lijaribu nyumbani kwa makusudi, kwa kila wimbo. Na kwa usalama weka mahali fulani amri ya midi namba 123, inayozima noti zote.

Hilo likikaa sawa ndipo utaona raha yake, na hapa nakuandikia kwa moyo. Usikanyage katikati ya pengo, baada ya noti kuisha. Kanyaga ukiwa bado umeishikilia noti ya mwisho ya kodiani. Mwimbaji anavuta silabi yake, kodiani inavuta naye, mguu umeshasema «mbele», na fidla zinaingia juu ya mkia wa kodiani bila uwazi wowote kati yao. Kundi la tarabu lenye watu wa kutosha ndivyo linavyojibizana, huyu hajamaliza na yule amekwisha kupokea. Kinanda kimeingia badala ya watu hao wote, basi tukipe angalau pumzi yao.

Yaliyobaki ni ya sakafuni. Harusi nyingi utakuwa umekaa kwenye mkeka au zulia, umevua viatu. Mguu mtupu unaisikia swichi vizuri zaidi kuliko kiatu, kwa hiyo fanya mazoezi bila viatu. Pedali ndogo huteleza mkekani, kwa hivyo igandishe kwenye kipande cha plaiwudi kikubwa kiasi kwamba kisigino chako kinakaa juu yake. Uzito wako mwenyewe utaizuia isisogee. Chumvi ya upepo wetu hula jaki na plagi. Zipanguse kwa kitambaa kikavu baada ya kila kazi, na usiache pedali kwenye veranda usiku.

Kwenye laptopu tumia kadi ya sauti yenye programu yake ya ASIO, ile inayopitisha sauti kwenye Windows bila kuichelewesha sana. Bafa ni fungu la sauti ambalo kompyuta huliandaa kwa mkupuo mmoja, na hapa sampuli ni vipimo vidogo vidogo vya sauti. Bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 3 hivi, na 256 ni karibu 6. Sauti ikikwaruza, nenda 256 bila wasiwasi. Zima masasisho ya Windows, zima Wi-Fi, na uzime ule mpangilio unaolaza milango ya USB ili kuokoa betri.

SWALI, KISUMU NDOGO, MALINDI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya. Kanisani tuna piano ya dijitali yenye pedali tatu, nimeiunganisha na iPad nipate ogani. Nataka nihame kutoka piano kwenda ogani tunapoingia pambio bila kugusa skrini. Pia pedali niliyonunua kwa kinanda changu cha nyumbani inafanya kinyume: noti zinavuta nisipokanyaga, na zinakatika nikikanyaga. Nimeuziwa mbovu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Pedali si mbovu. Kuna zinazofunga saketi zikikanyagwa na kuna zinazoifungua, na kila mtengenezaji alichagua upande wake. Vinanda vingi huipima pedali wakati vinapowashwa na kujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo zima kinanda, chomeka pedali, ondoa mguu kabisa, kisha washa. Huenda yote yakaishia hapo. Ikikataa, tazama chini ya pedali kama kuna kiswichi cha kugeuza upande, au utafute mpangilio huo ndani ya kinanda.

Kuhusu kanisani, una bahati, pedali tatu ni utajiri. Ya kulia inatuma 64, ya kati 66, ya kushoto 67. Hiyo ya kushoto ni ya kulainisha sauti ya piano, na katika kwaya yenye ngoma na kayamba hakuna anayeisikia. Ipe kazi ya kubadilisha. Kwenye iPad utahitaji programu inayoweza kushika ala mbili kwa pamoja na kupokea amri ya midi, kama Camelot Pro au AUM. Piano na ogani zote zifunguliwe, 67 ichague mojawapo. Piano nyingine za dijitali hazitumi 67 kwa USB, kwa hiyo kwanza fungua programu inayoonyesha jumbe za midi, ukanyage, uone kama namba inatokea.

Lakini hebu fikiria pia kama unahitaji kuhama. Kwa pambio nyingi ningeziacha zote mbili zilie pamoja, piano ikiwa pale siku zote na ogani ikipandishwa polepole kwa pedali ya kubembea, amri namba 11. Waumini hawasikii swichi. Wanasikia ogani inakuja kutoka chini, na hapo kanisa zima huinuka lenyewe.

SWALI, WATAMU

Kaka, salaam. Bendi yetu inapiga hotelini, nyimbo za watalii na chakacha. Nusu ya muziki tunaucheza kutoka kwenye kompyuta, ngoma na besi zimerekodiwa. Rafiki ameniambia naweza kuweka mabadiliko ya sauti ndani ya rekodi hiyohiyo, yajibadilishe yenyewe, nisikanyage kitu. Wewe waonaje?

JIBU

Salaam kaka. Rafiki yako kasema kweli. Katika programu ya kurekodia unaongeza mstari wa midi kando ya ngoma, na kwenye kila kipimo unapotaka kubadilika unaweka ujumbe wa kuchagua sauti. Kompyuta ikifika hapo inabadilisha yenyewe. Kwa wimbo ambao umeshafungwa na rekodi, fanya hivyo bila kusita. Weka ujumbe mapema kidogo, robo ya pigo kabla ya noti.

Chakacha usiitie humo. Chakacha ni pigo la sita kwa nane linaloishi kwa wachezaji. Kina mama wakifunga leso kiunoni na kuingia uwanjani, wimbo unarefuka mpaka wao watosheke. Rekodi haiwaoni. Mie kwa chakacha ningezima rekodi yote, nikamwachia mpiga ngoma wa kweli, na sauti zangu ningezibadilisha kwa mguu. Watalii wenyewe husikia tofauti, na huja mbele.

SWALI, MKOMANI, LAMU

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana, napiga kinanda kwenye shughuli za kina mama, na ami yangu hutupigia udi tunapofanya mazoezi nyumbani. Tukipiga nyimbo fulani ananiambia kinanda changu «hakimo», hasa akiwa katika maqam ya Rast. Nyimbo nyingine hana neno. Ala zangu zote ziko kwenye laptopu. Je, pedali inaweza kubadilisha hata mpangilio wa noti, si sauti peke yake?

JIBU

Marahaba binti yangu, na mpe ami yako salamu zangu, kwa sababu sikio lake liko sawa kabisa.

Kinanda hugawa oktava kwa hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti na noti). Udi hauna vizuizi kwenye shingo, kidole kinasimama popote. Ndiyo maana marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, aliweza kuzifikia kwa udi wake noti ambazo kinanda hakina kabisa. Rast ni maqam, yaani mpangilio wa noti katika muziki wa Kiarabu. Ikianzia C, noti ya tatu na ya saba, yaani E na B, hushuka takriban robo toni, senti 50. Maqam ya Bayati ikianzia D inaihitaji E hiyohiyo. Wewe ukipiga E ya kawaida, iko juu. Ukipiga E bemoli, iko chini. Ami yako anasikia vyote viwili ni makosa.

Nyimbo ambazo hana neno nazo nadhani ziko katika maqam za Nahawand, Ajam, Kurd au Hijaz. Hizo kinanda kinaziweza kama kilivyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukaa na ami yako na daftari la nyimbo zenu, aandike kando ya kila wimbo ni maqam gani. Hutahitaji kubadilisha kitu kwa zote, na utajua hasa ni zipi zinazotaka kazi.

Pedali inaweza, ndiyo. Watu wengi hufikiria kwanza gurudumu la kuvuta noti, lile la pembeni. Midi inaligawa hatua 16,384, na likiwa limewekwa toni moja juu na toni moja chini, robo toni ni hatua 2,048 tu kutoka katikati. Hesabu ni nzuri, lakini gurudumu huvuta kila noti ya chaneli nzima. E itashuka, na C uliyoishikilia chini itashuka nayo. Kwa mstari mmoja wa nai utaponea, kwa kingine chochote haifai.

Fanya hivi badala yake. Fungua kila ala mara mbili. Nakala ya kwanza iache ya kawaida. Ya pili ipe mpangilio ulioshusha E na B. Mpangilio huo huandikwa katika faili dogo la maandishi la aina ya Scala, lenye hatua za oktava kwa senti, na ala nyingi hulisoma. Surge XT ni ya bure na inalisoma. Sforzando nayo ni ya bure, inafungua ala za SFZ, na pia inalisoma. Kontakt ina njia yake ya kushusha noti moja moja. Nakala zote mbili ziwe zimepakiwa kabla, na mguu unachagua noti ziende kwa ipi. Soma jibu nililompa ndugu yako wa Langoni hapo juu, pedali ni ileile na swichi ni zilezile. Tofauti ni kwamba hatua za wimbo wako zitasomeka «nai ya kawaida», «nai ya Rast».

Wimbo ukihama katikati, kwa mfano unatoka Nahawand kwenda Rast, usisubiri pigo la kwanza la Rast. Noti C na G ziko palepale katika zote mbili. Kanyaga ukiwa juu ya mojawapo, hapo hakuna atakayejua umebadilisha nini, na E ya kwanza itakayofuata itakuwa tayari mahali pake.

Senti 50 ichukue kama pa kuanzia tu. Wapigaji wengi huiweka E ya Rast juu kidogo kuliko E ya Bayati, na kila mpigaji ana mahali pake. Mwambie ami yako aishike E yake kwenye udi, wewe uishike yako ya nai, usikilize yale mawimbi yanayotetemeka kati ya sauti mbili, kisha uipandishe au uishushe senti mbili mbili mpaka mtetemo utulie. Faili la Scala uliandike kwa namba hiyo, kisha ulihifadhi kwa jina la ami yako, maana mpiga udi mwingine akija kwenu na kipimo chake utamtengenezea faili lake kando.